Vichwa Vitatu, Mstari Mmoja

Kinyozi alisukuma komeo la mlango, akageuza kibao upande ulioandikwa "Tumefunga", kisha akamwonyesha mgeni wake kiti cha wateja.

"Kaa hapo, mama. Kioo cha simu yangu kimepasuka, nataka uone penye mwanga."

Mkaguzi akaketi, mkoba magotini. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameifanyia kazi ofisi ya serikali inayosimamia mionzi ya hospitali. Kabla ya hapo alikuwa akipiga picha za eksirei mwenyewe. Nyuma yake alisimama msaidizi wake, mwanafizikia mwembamba ambaye ofisi nzima ilimwita Desimali, kwa kuwa hata akiulizwa saa ngapi alijibu kwa nukta.

Kinyozi alikuwa ameandika barua ya malalamiko wiki mbili nyuma. Ilipita ofisi tatu kabla ya kutua mezani kwa Mkaguzi, na kila ofisi iliichekea kidogo kabla ya kuipeleka mbele.

"Wa kwanza huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu."

Picha ilionyesha kisogo cha mwanamume mtu mzima. Juu palikuwa na nywele. Chini, karibu na shingo, palikuwa na nywele. Katikati ulipita mkanda wa ngozi tupu, upana wa vidole vitatu, kutoka sikio la kushoto hadi la kulia.

"Umemnyoa wewe?"

"Mimi? Mama, nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii. Siku nikimnyoa mtu hivi, nafunga duka naenda kulima."

"Labda ni mapunye," alisema Desimali.

"Mapunye huja duaraduara. Hapa pamepigwa rula. Na huyu shemeji yangu hajawahi kuwa na kitu kilichonyooka tangu nimwoe dada yake." Kinyozi alitaka kucheka mwenyewe, kicheko kikakwama. Akatelezesha kidole. "Wa pili dereva wa lori. Wa tatu mwalimu mstaafu. Nikasema hapana, haya si ya kawaida."

Vichwa vitatu, mkanda uleule. Ule wa dereva ulipanda juu kidogo, lakini upana ulikuwa mmoja na kingo zilikuwa zimenyooka vilevile. Mkaguzi aliisogeza simu karibu na uso wake, akaitazama kwa muda mrefu bila kupepesa.

"Ngozi ina vidonda? Inawasha?"

"Haina kitu. Laini kama ya mtoto. Nywele zinatoka tu na kitana, shemeji alidhani amerogwa. Nikawauliza mmepaka nini, mmetumia dawa gani. Hakuna. Ni mwalimu aliyesema, mbona mimi nilipigwa picha ya kichwa hospitali kuu? Dereva naye akaruka: hata mimi. Shemeji hata yeye. Wote walipelekwa wakihofiwa kiharusi. Mmoja mdomo ulipinda, mmoja mkono ulikufa ganzi, mwalimu ulimi ulikuwa mzito."

"Kati ya picha na nywele kuanza kutoka, muda gani?"

Kinyozi alitoa daftari lake la wateja. Pembeni ya majina matatu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu tarehe mbili, ya picha na ya nywele kuanza kutoka.

"Wiki tatu. Shemeji siku ishirini, hawa wawili siku ishirini na moja."

Kalamu ya Mkaguzi ilisimama juu ya karatasi. Wiki tatu ndio muda wa nywele zilizopigwa mionzi mingi kuanza kutoka.

"Nimesema kitu kibaya?" aliuliza kinyozi.

"Hapana, baba. Umesema kitu ambacho daktari angepaswa kutuambia. Naomba unitumie hizo picha. Na mwambie shemeji yako hajarogwa."

* * *

Walipoingia garini Desimali hakuwasha injini. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani.

"Haiwezekani," alisema. "Picha ya kawaida ya kichwa kwa CT, ile mashine ya skani, ni dozi ya kama miligrei hamsini. Nywele hazianzi kuachia mpaka ngozi ipate elfu tatu hivi. Mara sitini! Mashine ingepiga kelele."

"Washa gari."

"Na hospitali kuu ndio wenye takwimu safi kuliko karibu wote."

Hilo ndilo lililomsumbua Mkaguzi pia. Kwa zaidi ya mwaka mmoja ofisi yao ilikuwa ikiandaa viwango vya rejea vya dozi. Kazi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache: kila hospitali yenye mashine ya CT ilete dozi za wagonjwa arobaini waliopigwa picha ya kichwa. Chukua namba ya katikati ya kila hospitali, zipange hospitali kwa mstari kutoka ya chini hadi ya juu, halafu chora alama penye robo tatu ya mstari. Aliyevuka alama si lazima awe mkosaji, lakini atajieleza. Hospitali thelathini na moja zilikuwa zimeleta fomu. Alama ilikuwa imeangukia sitini. Hospitali kuu ilikuwa na arobaini na saba, ya nne kutoka chini.

"Ya juu kabisa ni ile ya misheni, wenye themanini na moja," alisema Desimali akirudisha gari nyuma. "Kama ni mchezo mchafu, ningeanzia huko."

"Kuna mgonjwa wa misheni aliyenyonyoka mkanda kichwani?"

"Hakuna."

"Basi tunaanzia penye vichwa. Ama mashine yao inasema uongo, ama fomu yao."

* * *

Chumba cha CT cha hospitali kuu kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido yenye vigae vya kijani. Msimamizi wake alikuwa mama wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Wafagiaji, madaktari na wagonjwa walimwita Mama Skani. Alipoona kitambulisho cha Mkaguzi hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyepokea mgeni aliyechelewa.

"Mmekuja wenyewe," alisema. "Karibuni. Viti viwili tu, mmoja wenu atasimama."

Mkaguzi hakutaja kinyozi. Aliomba mashine isimamishwe kwa nusu saa. Desimali akafungua sanduku lake, akatoa kichwa bandia, yaani mtungi wa plastiki nzito wenye matundu, akaulaza kitandani pale mgonjwa anapoweka kichwa. Akachomeka kipima mionzi tunduni. Wakatoka, wakafunga mlango mzito wenye bati la risasi linalozuia mionzi, Mama Skani akabonyeza.

"Kompyuta inasema arobaini na saba nukta mbili," alisema Mama Skani.

Desimali alisoma kifaa chake. "Arobaini na sita nukta tisa."

"Rudia," alisema Mkaguzi.

Wakarudia mara tatu. Mashine ilikuwa inasema kweli.

Mkaguzi akaomba fomu waliyoituma. Mama Skani alitoa nakala kwenye kabati, wagonjwa arobaini, kwa mwandiko wa duara uliotulia. Mkaguzi akachagua kumi kwa kubahatisha, jina la tatu, la kumi na saba, la thelathini na nane, akataka kila mmoja aonyeshwe ndani ya kumbukumbu za mashine yenyewe. Dozi zote kumi zililingana mpaka nukta ya mwisho.

Fomu nayo ilikuwa inasema kweli.

"Mama," Desimali alimnong'oneza Mkaguzi, "pengine tumemwamini kinyozi kupita kiasi. Watu watatu mtaa mmoja, pengine wanatumia dawa moja ya nywele."

Mkaguzi alifungua daftari lake. Alimgeukia Mama Skani. "Nitafutie mwalimu mstaafu mmoja." Akamtajia tarehe kutoka daftari la kinyozi.

Vidole vya Mama Skani vilisita juu ya kibodi. Kisha akaandika. Skrini ikaleta jina, umri, saa ya kuingia, na chini yake mistari miwili badala ya mmoja.

Mstari wa kwanza: picha ya kichwa, ya kawaida. Arobaini na nane.

Mstari wa pili: mtiririko wa damu ya ubongo. 3,902.

Desimali aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Nukta imeruka," alisema. "Hiyo ni mia tatu tisini nukta mbili. Lazima nukta imeruka."

"Haijaruka," alisema Mama Skani.

"Nipe dereva wa lori," alisema Mkaguzi.

3,876.

"Na huyu." Akataja tarehe ya shemeji wa kinyozi.

3,915.

Feni ya mashine ilivuma upande wa pili wa kioo. Desimali akavuta kiti, akakaa bila kuangalia, nusura aanguke.

Mkaguzi alimgeukia Mama Skani. "Nieleze kipimo hiki kinavyofanyika. Usiruke hatua."

Mama Skani alivaa miwani. "Mgonjwa wa kiharusi tunamwekea dawa mshipani, kisha mashine inapiga sehemu ileile ya ubongo mara nyingi, mara arobaini na tano hivi, ili daktari aone damu inavyopita na pale ilipoziba. Kitanda hakisogei."

"Kitanda hakisogei," alirudia Desimali. "Kwa hiyo mionzi yote inapita mkanda mmoja."

"Upana wa vidole vitatu," alisema Mkaguzi. "Lakini hospitali nyingine wanafanya kipimo hiki na hawafiki hata mia tano. Kwa nini ninyi elfu nne kasoro?"

"Programu ya kipimo hiki ilipowekwa kwenye mashine mwaka jana, miezi kumi na moja nyuma, picha zilikuwa na chengachenga. Daktari wa mishipa ya ubongo akalalamika haoni kitu. Fundi wa kampuni akaja, akapandisha nguvu mpaka picha zikawa kama kioo. Daktari akafurahi. Fundi akaondoka."

"Na mashine haikutoa onyo?"

"Ilitoa. Kisanduku chekundu, katikati ya skrini, kila mgonjwa. Kimeandikwa dozi imezidi, endelea au sitisha."

"Sasa hivi nikiwasha kipimo hicho nitakiona?"

"Hutakiona. Kimezimwa."

"Nani alikizima?"

Mama Skani alivua miwani tena. Alifungua droo ya chini, akatoa faili jembamba la bluu, lakini akabaki amelishika kifuani.

Hakupata nafasi ya kulifungua. Mlango wa korido ulifunguka kwa kishindo, machela ikaingia ikisukumwa na wahudumu wawili. Juu yake alilala mama mzee, nusu ya uso imelegea. Pembeni alikimbia binti yake, kiatu kimoja mkononi. Nyuma yao alikuja daktari mrefu, koti jeupe halijafungwa.

"Mtiririko wa damu, haraka," alisema daktari. "Saa tatu tangu aanguke. Bonge la damu liko upande wa kushoto, nataka kujua kama ubongo bado unaokoka kabla sijaingia kulitoa."

"Kipimo hicho kimesimamishwa," alisema Mkaguzi.

Daktari alimtazama kama aliyesikia kiti kikiongea. "Wewe ni nani?"

"Mkaguzi wa mionzi. Daktari, wagonjwa wako wananyonyoka nywele. Mnawapiga mara kumi na mbili ya kinachohitajika."

"Nywele? Huyu anakufa na wewe unaniambia nywele?"

"Dada," alisema binti wa mgonjwa akimshika Mkaguzi mkono, "nakuomba. Mama yangu alikuwa anaongea asubuhi. Alikuwa ananigombeza. Fanyeni chochote."

Mkaguzi aliutazama ule mkono, kisha akaitazama saa ya ukutani. "Daktari, una dakika ngapi?"

"Kumi. Si kumi na moja."

"Tutakupa picha yako." Akageuka. "Desimali, piga simu misheni. Wana mashine kama hii na wanafanya kipimo hiki. Waambie wakusomee namba zao, moja moja."

"Misheni? Wale wenye themanini na…"

"Themanini na moja ya kichwa cha kawaida. Hiki ni kitu kingine. Piga."

Simu iliita mara sita. Aliyepokea misheni alitaka kwanza kujua anaongea na nani, na Desimali, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, alimfokea mpaka mhudumu wa machela akarudi nyuma. Namba zikaanza kuja. Desimali alizitamka, Mama Skani akaziandika kwenye kompyuta, Mkaguzi akasimama katikati yao akizisoma kwa sauti mara ya pili. Nguvu ya mionzi ilishuka. Mipigo ikapungua. Chini ya skrini makadirio ya dozi yalianza kuanguka: elfu mbili, mia nane, mia tatu ishirini.

"Irudishe ile tahadhari," alisema Mkaguzi.

"Nimeshairudisha," alisema Mama Skani.

Mama mzee akaingizwa. Binti alibaki nje ya mlango wa risasi, kiatu bado mkononi. Mama Skani alisubiri kisanduku chekundu. Hakikutokea. Akabonyeza.

Picha zilikuja moja moja, zenye chengachenga, kama ukuta uliopakwa rangi kwa haraka. Daktari aliinama. Alizipitia zote, akarudia ya kwanza.

"Sio nzuri," alisema hatimaye.

"Unaona au huoni?" aliuliza Mkaguzi.

Daktari aliweka kidole kwenye kioo, akazungusha eneo moja, kisha jingine. "Hapa pameshakufa, padogo. Hapa pote panaokoka." Akanyooka. "Naona. Inatosha. Mpelekeni chumba cha upasuaji."

Machela ilitoka mbio. Daktari alifika mlangoni, akasimama, akarudi hatua moja.

"Umesema wangapi wamenyonyoka?"

"Najua watatu. Programu yenu ina miezi kumi na moja."

"Nilitaka picha nzuri tu," alisema, halafu akakimbia kumfuata mgonjwa wake.

* * *

Chumba kilipotulia, Mkaguzi alivuta kiti mbele ya Mama Skani, akafungua daftari ukurasa mpya.

"Tulikatizwa. Nilikuuliza nani alizima onyo."

"Fundi ndiye aliyebonyeza, aliporudi kwa matengenezo. Niliyemwambia azime ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilipewa ruhusa."

"Na daktari?"

"Daktari hana habari za kisanduku. Hajawahi kukaa kwenye kiti hiki."

"Mkurugenzi wa hospitali? Kampuni?"

"Hapana." Mama Skani aliweka faili la bluu magotini. "Wiki ya kwanza nilipoona kile kisanduku sikulala vizuri. Nikatafuta kwenye mwongozo wa viwango vyenu. Kuna kichwa, kuna kifua, kuna tumbo. Mtiririko wa damu haumo. Kwenye fomu yenu pia haumo, mmeandika 'picha ya kawaida ya kichwa tu'. Nikasema nisibahatishe, niwaulize wenyewe. Nikaandika barua."

"Ofisini kwetu?"

"Ofisini kwenu. Na nikajibiwa. Ndiyo maana mlipoingia nilidhani mmekuja kwa ajili ya hiyo."

Alifungua faili, akatoa karatasi moja yenye nembo ya serikali, akaikabidhi kwa mikono miwili.

Jibu lilikuwa la mistari mitatu. Vipimo visivyo na kiwango cha rejea havihusiki na zoezi linaloendelea. Tahadhari za mashine ni za ushauri na hospitali inaweza kuzirekebisha kulingana na mahitaji yake. Endeleeni na utaratibu wenu.

Chini palikuwa na muhuri. Juu ya muhuri palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu uliopinda kulia.

Desimali aliiona kwanza. Alimtazama Mkaguzi, akaangalia sakafu.

Mkaguzi aliisoma barua mara ya pili, kisha ya tatu. Akailaza mezani, akainyoosha kwa kiganja. Sahihi ilikuwa yake.

"Siikumbuki," alisema.

"Mimi naikumbuka kila siku," alisema Mama Skani. Hakukuwa na ukali kwenye sauti yake. "Nilipoipata nilishukuru. Nilisema, kumbe wakubwa wameona, hakuna shida."

"Kwenye barua yako ulitaja dozi?"

"Ukurasa wa pili. Niliwawekea jedwali, wagonjwa tisa wa kwanza, wote elfu tatu na ushei."

Mkaguzi alitoa simu, akapiga masijala ya ofisi yake, akaweka sauti ya wazi. Karani wa masijala alikuwa mzee mpole asiyepoteza karatasi. Akampa tarehe. Wakamsikia akivuta makabati, akikohoa, akipekua.

"Ninayo, mama. Kutoka hospitali kuu. Imepokelewa tarehe sita, imejibiwa tarehe saba."

"Ina kurasa ngapi?"

"Mbili, zimebanwa pini. Wa kwanza umeweka alama ya vema na herufi zako. Wa pili… wa pili hauna alama. Una jedwali. Nikusomee?"

"Hapana. Ifungie kwenye sefu. Asiichukue mtu yeyote, hata mimi. Umenisikia? Hata mimi."

"Hata wewe, mama?" Ikasikika droo ikifungwa. "Sawa. Hata wewe."

Tarehe saba ilikuwa siku yake ya mwisho kabla ya likizo. Hilo alilikumbuka. Rundo la barua lilifika kidevuni na alilimaliza kabla ya saa kumi jioni, na mkurugenzi alimsifu.

"Nitolee orodha," alimwambia Mama Skani. "Wote waliofanyiwa kipimo hiki tangu programu iwekwe mpaka leo asubuhi."

Mashine ya kuchapa ilianza kutema karatasi. Ilitema moja, ikatema ya pili, ikaendelea. Desimali alizipokea na kuhesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Alipomaliza akaanza upya.

"Mia moja sitini na tatu," alisema. "Kumi na wanne kati yao wamepigwa mara mbili." Akapindua karatasi. "Mmoja mara tatu."

Mama Skani alifunika uso kwa viganja.

"Waliopigwa kabla ya barua yako ni wangapi?" aliuliza Mkaguzi.

"Tisa," alisema Mama Skani.

"Na baada ya jibu langu?"

Desimali alirudi kwenye karatasi ya kwanza, akatoa tisa.

"Mia moja hamsini na wanne."

Simu ya Mkaguzi iliita. Ilikuwa namba ya mkurugenzi wake. Aliweka sauti ya wazi, simu ikiwa mezani kando ya barua.

"Masijala wananiambia umefungia faili," alisema mkurugenzi. "Kuna nini?"

Akamweleza kwa dakika mbili.

"Sikiliza," alisema mkurugenzi taratibu. "Fundi wa kampuni alipandisha nguvu. Daktari alitaka picha nzuri. Msimamizi alizima onyo. Hapo tayari una watu watatu. Hiyo barua yako ni ya jumla tu, haihusiki. Unaweza kuandika taarifa bila kuigusa."

Mama Skani aliondoa viganja usoni. Alimtazama Mkaguzi na kungoja, kama alivyongoja barua mwaka jana.

"Haliwezi kuwa kosa la mtu aliyeuliza," alisema Mkaguzi. "Wagonjwa mia moja hamsini na wanne wamepita chini ya sahihi yangu, bosi. Wengine hawatapata zaidi ya upara wa miezi michache. Wengine tutawafuatilia miaka na miaka, na wana haki ya kujua kwa nini. Siwezi kuchunguza kesi hii."

"Unajiuzulu?"

"Sijasema hivyo. Nimesema siwezi kuichunguza."

Akakata simu. Alifungua mkoba, akatoa kitambulisho cha ukaguzi, mkebe wa lakiri na daftari lake, akavipanga vyote mbele ya Desimali. Kisha akainuka kwenye kiti alichokuwa amekaa, akamwashiria msaidizi wake akikalie, na yeye akahamia kiti kilichokuwa kando ya Mama Skani.

"Mimi?" alisema Desimali. "Mama, mimi sijawahi kumhoji mtu. Mimi ni wa vipimo."

"Umeniona nikifanya kwa miaka minne. Kaa."

Akakaa, mdomo wazi. Alilifungua daftari, akaandika tarehe na saa, saa nane na dakika kumi na moja. Aliandika kazi ya mtu anayehojiwa, akasita penye mstari wa cheo, akajaza. Kisha akainua macho. Yalikuwa mekundu.

"Barua kutoka hospitali kuu," alianza, "uliipokea wewe mwenyewe?"

"Niliipokea mwenyewe."

"Ilikuwa na kurasa mbili."

"Mbili."

"Ukurasa wa pili… uliusoma?"

"Sikuusoma," alisema Mkaguzi. "Andika."